Sikio la Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa masikio amenipa dawa ya matone, na juu yake kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. "Nunua daftari," alisema. "Kila siku uandike unasikia nini na husikii nini. Usinipambie." Nikamwambia mimi si mtu wa kupamba. Akanitazama juu ya miwani yake, akasema, "Andika na hilo pia."

Basi naandika. Sikio langu la kulia linakufa. Yeye hakulitamka neno hilo. Alisema mshipa umechoka tangu yale mafua ya mwaka mpya yaliyonilaza wiki mbili, na kwamba baada ya miezi miwili tutajua kama kimebaki kitu. Nilimwuliza kama linaweza kurudi. Akaanza kupanga karatasi zake. Mtu mzima akianza kupanga karatasi ambazo tayari zimepangika, umeshajibiwa.

Mimi ni fundi redio. Mchana natengeneza amplifaya na spika za watu, na huko ndiko ninakopata chakula. Lakini kazi ya moyo wangu iko chumba cha nyuma: sintesaiza ya vipande, fremu ya mbao yenye vipande thelathini na viwili nilivyovijenga mwenyewe kimoja kimoja. Haina kinanda wala haina wimbo ndani yake. Kipande kimoja huzaa sauti, kingine huichuja, kingine huichelewesha, na mimi ndiye ninayeviozesha kwa nyaya. Ni miaka kumi na moja sasa, na hakuna aliyewahi kuniomba niupige mtambo huu mbele ya watu.

Mwaka huu nimeombwa. Mwalimu wa dansi anataka nusu saa ya stirio, sauti itakayotembea ukumbini kutoka upande hadi upande huku wachezaji wake wakiifuata. Onyesho ni Jumamosi, 24 Mei, saa tisa alasiri. Na stirio, yeyote atakuambia, ni kazi ya masikio mawili.

Sijamwambia mtu. Mwalimu akijua, kazi itakwenda kwa yule jamaa tunayemwita Bwana Kompyuta, ambaye sauti zake zote zimekaa tayari kwenye mashine kama nguo za dukani. Nitaimaliza mimi. Nimeandika kwa wino, si kwa penseli.

Jumatano, 5 Machi

Mvua juu ya mabati tangu asubuhi. Hakuna kusikiliza kitu. Nimesafisha vitufe.

Jumamosi, 8 Machi

Daktari aliniuliza stirio ni nini zaidi ya spika mbili, nikamjibu ovyo kwa hasira. Nijibu vizuri sasa. Sauti moja naigawa njia mbili, na kila njia inapita kwenye chujio lake. Kisha njia moja naichelewesha kidogo mno, chini ya kupepesa jicho, na mara sauti inahama. Haihami kweli, spika ziko pale pale. Ni kichwa cha msikilizaji kinachodanganyika kwa sababu sikio moja limepata habari kabla ya mwenzake. Kazi yangu yote ni kulichonganisha sikio na sikio.

Sasa mimi limebaki moja, na halina wa kugombana naye. Nasikia karibu kila kitu. Nisichojua ni kilipo.

La pili la kuandika leo ni wifi yangu. Kaka yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara, anarudi kila baada ya miezi mitatu, na nyumbani tumebaki mimi na mkewe. Yeye ni fundi nguo, ana chumba cha mbele na cherehani ya umeme, na mdomo unaokwenda kasi kuliko hiyo cherehani. Kila akikanyaga, spika zangu zinakoroma. Nimemwomba abadili soketi. Akasema soketi ile ndiyo iliyo karibu na dirisha, na dirisha ndilo lililo karibu na habari za mtaa. Sijui kaka alimpendea nini.

Jumatano, 12 Machi

Wifi aliniita akiwa mlangoni, nikageukia dirishani. "Niko huku, wifi. Au una mazungumzo na pazia?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 17 Machi

Hedifoni masikioni: kushoto safi, kulia kama mtu anayezungumza ndani ya mto. Nimeongeza kulia mpaka zikalingana. Hapo nikaridhika.

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu alikuja kusikiliza dakika tano za mwanzo. Ni mtu mkimya, goti lake moja bovu kwa dansi ya miaka mingi, na anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama anayetafuta sindano sakafuni. Nilijua zimekaa vizuri. Nilizipima mwenyewe.

"Fundi," akasema zilipokwisha, "mbona yote imelalia kulia?"

Bila shaka imelalia kulia. Nimeiongeza kulia ili sikio bovu lilingane na zima, nikasahau kwamba yeye yake yote ni mazima. Ni sawa na kiwete kushona viatu vya watu kwa kipimo cha mguu wake.

"Bado napanga," nikasema.

"Panga basi. Wachezaji wangu wataifuata hiyo sauti. Wakilala wote upande mmoja, watu watadhani jukwaa limeinama."

Alipoondoka nilikaa sakafuni kati ya spika mbili. Niliogopa kweli, na naandika hivyo kwa kuwa Daktari hataki mapambo.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepiga moyo konde. Nitafanya kazi kwa sindano za kupimia, zile za usoni mwa amplifaya. Sindano haina mafua.

Jumatatu, 24 Machi

Sindano haina mafua, lakini haina kichwa pia. Inaniambia kila upande una nguvu kiasi gani. Haiwezi kuniambia sauti inaonekana kutokea wapi. Siku tatu bure.

Jumatano, 26 Machi

Wifi ameingia na sahani ya chakula, akaiweka juu ya amplifaya, jambo ambalo nimemkataza mara mia, akasimama upande wangu wa kulia.

"Wifi, hilo sikio lako halisikii."

"Lipi?"

"Hili nililolisemesha mara tatu kabla hujaniona."

Ningeweza kumkatalia. Mdomo ulifunguka kukataa, kisha nikachoka ghafla. Nikamwambia yote: mafua, Daktari, Mwalimu, Bwana Kompyuta. Nilisubiri kelele, zisitoke.

"Umepewa dawa?"

"Matone."

"Unayatia?"

Nikaivuta sahani ya chakula. Yanawasha, niliyaacha siku ya nne.

"Ndiyo maana wakasema sikio la kufa halisikii dawa," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hiyo haikuwa methali, ilikuwa taarifa. Tukacheka mpaka mimi nikajikuta nalia, na yeye akajitia kutazama nyaya.

Kisha akasema, "Mimi ninayo mawili. Hayana kazi yoyote ukitoa majirani. Niambie nikae wapi."

Nilitaka kumwambia kwamba kusikiliza ni ufundi, si kama kutega masikio dirishani. Lakini kati yake na sindano nimemchagua yeye. Tunaanza mvua ikikatika.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Nimerudia matone. Yanawasha.

Jumatano, 2 Aprili

Tumefanya saa moja na nusu kabla ya wingu kufika. Mimi nasimama kwenye mtambo, katikati ya spika mbili, nikimtazama. Yeye anakaa kwenye kiti nilichokiweka katikati ya chumba, anafumba macho, na mikono yake inaendelea kushona kwa mkono pindo la gauni la mtu. Hawezi kukaa bila kushona. Anasema masikio yanafunguka mikono ikiwa na kazi.

Hajui jina la kitu hata kimoja, lakini ana maneno yake. Sauti iliyo nene mno "imepwaya." Iliyobanwa na chujio "inabana kwapani." Mahali pande mbili zinapokutana vibaya "mshono unaonekana." Nilianza kwa kumdharau, na kabla ya saa kwisha nilikuwa nazungusha kitufe kwa neno "kwapani" bila kuuliza. Lazima niseme ukweli: anasikia.

Isipokuwa kwenye pande. Hapo hatuelewani kabisa.

Ijumaa, 4 Aprili

Pande bado. Nikirekebisha, anasema nimeharibu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeota naita mtu kwenye korido ndefu, na kila mlango unaitika. Siku sita nyuma ya ratiba.

Jumatano, 9 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa, ingawa inaniaibisha.

Mvua ilituachia kuanzia asubuhi. Tulikuwa kwenye dakika ya saba, pale sauti inapotakiwa kusimama katikati kabisa kabla ya kuanza safari yake. Nikamwuliza, iko katikati?

"Kulia kumezidi," akasema, macho kafumba, sindano yake ya kushonea inakwenda.

Nikapunguza kulia. "Sasa?"

"Kumezidi zaidi."

Nikapunguza tena. "Sasa?"

"Wifi, nasema kulia kumezidi, wewe unaongeza."

"Napunguza!"

"Basi hicho kitufe hakikupendi."

Tuliendelea hivyo karibu saa nzima. Nilibadili waya, nikabadili chujio, nikafungua amplifaya na kuifunga. Kila nilipokata kulia, yeye alisema kunazidi. Mwishowe nikatazama sindano za kupimia. Ya kulia ilikuwa imelala chini, imebaki robo ya mwenzake. Mtoto mchanga angejua kwamba upande ule umekufa.

"Tazama!" nikamwambia. "Kulia kumebaki robo. Robo! Na wewe umekaa hapo unaniambia kumezidi. Unanichezea?"

Akafumbua macho. "Nikuchezee nini? Nasema ninachosikia."

"Husikii kitu. Huna masikio wewe, una mdomo tu. Umeharibu siku zangu saba kwa sababu ulitaka kukaa kwenye chumba hiki upate cha kuwasimulia wateja wako."

Nilijua naongea ubaya. Nilikuwa kama mtu anayeteremka mlima mbio, miguu haisikii tena breki. Wifi alikata uzi kwa meno, akalikunja lile gauni taratibu, pindo juu ya pindo.

"Sawa, wifi. Mdomo huu hautakusumbua tena." Akatoka. Alifunga mlango polepole, na hilo lilinitia uchungu kuliko kama angeubamiza.

Dakika ya saba haina katikati. Zimebaki wiki sita na siku tatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Wifi amenisalimia "habari za asubuhi" kama mtu tunayekutana benki.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Amehamisha cherehani kwenye ile soketi nyingine. Spika hazikoromi tena. Sikuwahi kujua ukimya unaweza kuwa tusi.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Leo hata "habari za asubuhi" haikuwepo.

Jumatano, 16 Aprili

Kaka amepiga simu. Nilishika simu upande wa kulia kwa mazoea, nikadhani imekatika, nikaihamisha.

"Mmegombana nini huko? Mwenzako hataki kusema."

"Hajakuambia?"

"Kasema nyumba nzima, mnaendelea vizuri, wifi yake ana kazi nyingi asisumbuliwe. Mke wangu mimi namjua, akisema maneno machache ujue kuna msiba."

Siku zote nimemwita mtangaza habari. Kumbe hata kwa mumewe hakutangaza. Wala sikio langu hakulitangaza: leo mtaani watu wamenisalimia kutoka kulia kama kawaida, na kunikasirikia kama kawaida nilipopita bila kuitika.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo nilikuwa nimeamua kwenda kwa Mwalimu na kumwambia nimeshindwa. Nilivaa kabisa na viatu. Ili kutoka inabidi nipite chumba cha mbele, na wifi alikuwa na mteja, karani mmoja wa posta, amesimama amevaa gauni la njano ambalo halijamalizika. Wifi amepiga magoti mbele yake, anamtazama, pini tano zimebanwa midomoni.

"Kulia kumezidi," wifi akasema kati ya pini. "Simama wima, dada."

Na mkono wake ukaenda kwenye kitambaa, akashika na kubana. Nikasimama pale pale. Mkono aliounyosha ulikuwa wa kushoto. Ulikwenda kushoto kwake. Alichoshika kilikuwa kulia kwa yule karani.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja mpaka karani alipoondoka. Wifi alikuwa anazirudisha pini kwenye kimto chake, moja moja, bila kunitazama.

"Wifi," nikasema, "kulia ni wapi?"

"Kwa nani?"

Aliuliza vile vile, kama mtu anayeulizwa saa. Nikajishika kichwa.

"Kwa nani! Kwako wewe! Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti, kulia ni kulia kwako!"

"Kulia kwangu kwa nini? Kwani mimi ndiye ninayepimwa?" Akaacha pini. "Fundi nguo haiti mkono kwa mkono wake, anauita kwa mwenye nguo. Umesimama mbele yangu umeivaa hiyo mitambo yako, nikisema kulia nasema kulia kwako. Miaka ishirini nasema hivyo. Ningekuwa nachanganya, mji huu wote ungekuwa na mfuko upande usio wake."

Nikamweleza. Nilisimama mbele yake, nikanyosha mikono, nikamwonyesha: kila aliposema kulia alikuwa na maana ya spika ya dirishani, na mimi nilikuwa napunguza ya mlangoni. Alikuwa sahihi kila mara. Tangu siku ya kwanza, kila mara. Niliiharibu kazi kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikamtukana aliyekuwa akiniambia naiharibu.

"Nisamehe, wifi."

Akachoma pini iliyobaki kwenye kimto.

"Kosa ni letu nusu kwa nusu," akasema. "Matusi ni yako yote."

"Ni yangu yote."

"Basi. Vua viatu hivyo, unanichafulia sakafu. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Popote," nikasema, nikavivua.

Alasiri tulibandika plasta juu ya kila spika. Hatukuandika kulia wala kushoto, maneno hayo tumeyafukuza chumbani. Moja imeandikwa MLANGO, nyingine DIRISHA. Dakika ya saba ilipata katikati yake baada ya robo saa. Wifi alifumbua macho akasema, "Hapo. Imekaa mwilini." Kwa furaha nilitaka kumbusu, ila alikuwa na pini mdomoni.

Jumatatu, 28 Aprili

Dakika kumi na tano zimekamilika. Mvua inatunyang'anya asubuhi, sisi tunaiba alasiri. Wifi ameanza kuuliza: hiki kipande kinafanya nini, kile je. Leo amechomeka waya mwenyewe, mahali pasipo pake, na kukatoka mlio wa ajabu mno. Tumeuweka kwenye dakika ya kumi na mbili.

Jumanne, 6 Mei

Kwa Daktari. Alinivalisha hedifoni, akabonyeza, akabonyeza, akaongeza. Kushoto nilinyosha kidole kila mara. Kulia nilikaa na kidole changu mapajani nikisubiri, nikadhani bado hajaanza. Kumbe alikuwa amemaliza.

"Hakuna kitu upande huu," akasema, na safari hii hakugusa karatasi. "Pole sana."

Nilimshukuru kwa kusema wazi. Nilitembea hadi nyumbani kwenye manyunyu, na nililia njia nzima, bila aibu, watu wakidhani ni mvua. Nilipofika nikamwambia wifi. Hakusema litarudi, wala hakusema Mungu mkubwa. Alisema, "Tuko dakika ya kumi na tisa." Tukafanya mpaka ishirini na mbili.

Jumatatu, 12 Mei

Nusu saa imekamilika. Nimeandika kila kitufe kwenye karatasi, maana mtambo huu haukumbuki kitu, ukizima, umesahau. Ndiyo sababu lazima upigwe kwa mkono, pale pale, siku ile.

Jumatano, 14 Mei

Mazoezi ya kwanza ukumbini. Mwalimu aliniita kutoka upande wangu wa kulia, na mimi nikamtafuta kushoto. Akaita tena, nikatazama nyuma. Mara ya tatu wachezaji kumi na wawili walikuwa wamesimama wananitazama, na Mwalimu alikuwa amefika mbele yangu na goti lake bovu.

"Fundi. Ni sikio gani?"

"La kulia."

"Kidogo?"

"Lote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa kazi?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Nisingekupa."

"Basi ndiyo hiyo sababu."

Akaketi ukingoni mwa jukwaa. Alisema Bwana Kompyuta amemtumia rekodi ya akiba, nzuri, salama, inaanza kwa kubonyeza mara moja. Alisema si kwa ubaya. Mimi nikasema, "Sikiliza kwanza," na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikampigia dakika kumi, wifi akiwa kando yangu. Mwalimu aliinamisha kichwa mwanzo hadi mwisho.

"Leo imekaa sawa," akasema. "Lakini ile siku ukumbi utakuwa na watu mia mbili, na miili inakula sauti. Itabidi urekebishe pale pale. Utarekebishaje usichokisikia?"

"Nina mtu."

"Nani?"

Wifi akainua mkono ulioshika pindo la suruali ya mtu.

Mwalimu aliinuka ukingoni. Kisha akatoa uamuzi: nitapiga. Lakini Bwana Kompyuta atakaa nyuma na rekodi yake. Sauti ikilala upande mmoja, Mwalimu atainua mkono, na yule atanikata hapo hapo. "Nina wachezaji kumi na wawili," akasema. "Sitawaangusha wote kwa ajili ya sikio moja."

Ana haki. Nimekubali.

Jumanne, 20 Mei

Mvua.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua. Ukumbi nao una mabati. Wifi anasema tusiitazame, itajisikia mtu muhimu.

Jumamosi, 24 Mei

Ilinyesha hadi saa saba mchana, ikakatika. Saa nane tulikuwa tunafunga nyaya. Mtambo uliwekwa nyuma kabisa, nyuma ya viti vyote, tukitazama jukwaa juu ya vichwa vya watu. Wifi alikaa kushoto kwangu, kwa kuwa kushoto ndiko ninakosikia, na plasta zetu tulizihamishia kwenye spika za ukumbi, MLANGO ikiwa upande wa sikio langu bovu. Hatua nne nyuma yetu, Bwana Kompyuta, kidole juu ya kitufe. Alinipa tabasamu la heri, na nadhani lilikuwa la kweli. Mwalimu alisimama pembeni mwa jukwaa, mikono chini.

Saa tisa kamili. Niliunganisha waya wa kwanza.

Dakika mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu, watu waliochelewa wakaingia kwa wingi na kujaza viti vya upande mmoja. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Niliona tu mkono wa Mwalimu ukianza kupanda.

"Mlango umefifia," wifi akaninong'oneza. "Rudisha. Kidogo. Kidogo tena. Bado unavuta."

Mkono wa Mwalimu ulifika kifuani. Kiti kililia, sikujua wapi, nikageuka. Bwana Kompyuta alikuwa amesogea mbele. Nilitaka kutazama sindano, nikajizuia. Nilizungusha kwa neno la wifi tu.

"Unavuta... unavuta... hapo. Wacha hapo, wifi, usiguse!"

Niliacha. Mwalimu aliinamisha kichwa, akasikiliza. Mkono ulibaki kifuani kwa muda ambao sitaki kuuishi tena, kisha ukashuka, na haukupanda tena.

Dakika ya saba sauti ilisimama katikati. Mchezaji mmoja alitoka peke yake kwenye pembe ya dirisha, akasimama, akiisubiri. Hiyo ndiyo safari niliyoijenga mvua nzima: sauti moja nyembamba ivuke ukumbi wote kutoka dirishani hadi mlangoni kwa dakika mbili, polepole kama mtu anayevusha maji bila kumwaga. Nilishika vitufe viwili na kuanza kuizungusha.

Kwangu mimi haikwenda popote. Ilibaki pale pale, imebandikwa kwenye sikio langu la kushoto, sauti isiyo na mahali. Nilizungusha kwa upofu, wifi akinihesabia, na kwa sekunde chache niliamini kabisa kwamba hakuna kinachotokea, kwamba nimewadanganya wote na nafsi yangu kwanza.

Kisha nikaviona vichwa. Vilivyoko dirishani vilianza, halafu safu za kati, vichwa mia mbili vikinipa visogo, watu wasiojuana, vikigeuka pamoja taratibu kuelekea mlangoni, na mchezaji akitembea mbele yao kwa mwendo ule ule. Hakuna aliyewaambia wageuke. Wifi mwenyewe aligeuka, akasahau kuhesabu.

Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Nilizungusha vitufe hadi mwisho, nikiviangalia vile vichwa, hadi kila uso ulipokuwa umeelekea upande ambao mimi sikusikia kitu.